Fomu Inasema Ukoka Umekunywa Debe Kumi na Mbili

Mtwara, 2 Oktoba 1973

Mpendwa Shangazi Mwanahawa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini na tisa ya mwezi huu, na ukiona karatasi ina madoa usidhani ni dharau, naandikia jikoni huku mtoto amelala mapajani, mkono wa kulia una kalamu na wa kushoto unampigapiga mgongoni asiamke, maana akiamka sitaimaliza, na nisipoimaliza leo sitapata tena moyo wa kuianza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka mitatu, wa pili miezi saba. Nimesoma hadi darasa la saba kwetu Mahurunga na hesabu nilikuwa naziweza, na ndizo zilizonifikisha hapa. Mume wangu ni karani wa ghala bandarini, mtu wa taratibu zake, halewi, hajawahi kuninyanyulia mkono, nami nampenda, nalisema hili mapema usije ukaelekeza fimbo kwake. Mwaka jana alipanda cheo tukapewa nyumba ya kazi huku Shangani, katika zile nyumba walizokuwa wakikaa Wazungu, ina bomba jikoni, bomba jingine uani, choo cha ndani cha kuvuta mnyororo, na mbele kuna uwanja wa ukoka uliozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na katika masharti ya nyumba imeandikwa ukoka utunzwe. Siku tuliyohamia niliuvuta ule mnyororo mara tatu kwa furaha tu, mume wangu akacheka akasema, "Taratibu, utaumaliza mto Ruvuma."

Sasa Shangazi, nyuma ya nyumba zetu, ukishapita mikorosho, kuna vibanda vya watu waliovuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma kwa ajili ya vita. Mwezi wa sita mmoja wao, jina lake Celeste, alikuja akapiga hodi mlango wa uani, debe kichwani na mtoto mgongoni, akaniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimakonde kwamba kisima chao kimeingia chumvi na mtoto akinywa anaharisha, je naweza kumsaidia maji kidogo. Nikampokea yule mtoto ili mama yake apate kulitua debe. Ni rika moja na wangu, lakini wangu ukimbeba anaujaza mkono, na yule nilimwona mwepesi kama khanga iliyokunjwa. Nikamfungulia bomba. Kesho yake akaja na wenzake wawili, Francisca na mama mmoja mtu mzima ambaye wote tunamwita Bibi, kila mmoja na debe lake, na tangu siku hiyo wanakuja kila siku, asubuhi mume wangu akishaondoka, na alasiri kabla hajarudi.

Wanachukua kiasi gani sijui, na naomba uniamini hapo, maana nimeshajiuliza mwenyewe kama nilijifanya sijui. Kwetu maji anayokuja kuomba mtu hayahesabiwi. Bibi yangu mzaa mama alitulea hivyo, ukimpa mtu maji geuza uso mpaka amalize kujaza, kwa kuwa ukimtazama umemhesabia, na ukimhesabia umeshamnyima nusu. Basi mimi nafungua bomba, nasalimia, naingia ndani naendelea na nepi zangu, nikisikia wameaga natoka kulifunga.

Mwezi wa nane likabandikwa tangazo kwamba maji ya nyumba za kazi yasitolewe kwa mtu asiyekaa humo, kwani kiangazi kimekuwa kirefu na kuna watu wanayafanya biashara. Mume wangu alilisoma huko kazini, akaja kunisimulia tukiwa tunakula, akasema ni vizuri, watu wengine wanyonyaji tu, maji ya umma wanayageuza duka. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalimeza, nikamwongezea mchuzi. Ningemwambia pale pale yangekuwa yamekwisha, lakini sikumwambia, na kesho yake Celeste akaja nikamfungulia, na keshokutwa, na kila siku niliyofungua ikawa ni siku moja zaidi ya kumficha.

Ndipo ikaja fomu. Walisoma mita za nyumba zote wakaona yetu inakwenda galoni themanini na nane kwa siku, yaani debe ishirini na mbili, na kila nyumba iliyozidi debe kumi na nane ilitakiwa ieleze maji yanakwenda wapi, fungu la kwanza matumizi ya ndani, fungu la pili bustani. Mume wangu akaniwekea mezani, akasema jaza wewe, wewe ndiye mwalimu wa hesabu humu ndani, mimi nahesabu magunia tu. Nikakaa nikahesabu kwa haki kabisa. Kupika na kunywa debe moja na nusu, vyombo debe moja, kuoga sisi sote debe tatu na nusu, nguo na nepi debe nne. Jumla debe kumi. Zikabaki debe kumi na mbili, nikajua ni za kina Celeste, nikaogopa vile zilivyokuwa nyingi, nikasema kumbe nimekuwa nikitoa maji kuliko tunayotumia wenyewe, na fungu la pili linanitazama liko tupu. Shangazi, nikaandika, bustani ya ukoka, debe kumi na mbili. Mwandiko mzuri kabisa. Mume wangu akasaini bila kusoma, kwa sababu ananiamini.

Na ule ukoka sijaumwagilia tangu mwezi wa saba. Sikuweza, naona haya kumwagia majani maji huku mtu amesimama na debe tupu. Umekuwa rangi ya makumbi ya nazi, ukiukanyaga unalia, mahali pengine ardhi imepasuka unaweza kuingiza kidole. Jirani yangu Mama Elia ananitania kila akipita, "Shoga, ukoka wako ulifunga Ramadhani mapema?" Nacheka naye.

Juma lililopita ikaja barua kwamba kila nyumba iliyoandika bustani zaidi ya debe nane itatembelewa tarehe ishirini na tisa. Mkaguzi ni Bwana Gaudensi, si mtu mbaya, ila ni mtu asiyecheka. Kiangazi cha mwaka jana alipita nyumba moja ya mtaa wa pili, akatoa msumari mrefu mfukoni akauchomeka kwenye ukoka, haukuingia hata nusu, akamwuliza mwenye nyumba, "Hayo maji ya bustani yalinyesha wapi?" Leo ile nyumba wanakaa watu wengine, sijui kama ni kwa sababu hiyo au walihamishwa kwa kazi, hakuna anayejua, lakini mimi nikipita pale natembea upesi.

Nimejaribu kujiokoa. Nilichukua maji ya nepi nikamwagia ukoka siku nne mfululizo, sabuni ikauchoma, sasa una mabaka ya manjano juu ya ile kahawia, afadhali ungebaki vile. Mama Elia nimemwambia, sikuweza kukaa nalo peke yangu, akashauri niseme bomba linavuja chini ya ardhi, wao watajuaje. Nami naona hata hilo siliwezi, mdomo wangu hauna uzoefu.

Naogopa, Shangazi. Naogopa watasema tunauza maji, nani ataamini debe kumi na mbili zinatoka kila siku bure. Naogopa mume wangu asimamishwe mbele ya wenzake aitwe mnyonyaji kwa karatasi aliyoisaini bila kujua, apoteze nyumba, apoteze kazi, turudishwe Mahurunga na watoto na masufuria yetu. Naogopa Celeste aulizwe vibali vyake na mimi ndiye niliyemvuta hadharani. Na zaidi naogopa uso wa mume wangu atakapojua kwamba miezi minne nimekuwa nikimpokea mlangoni huku uani kumelowa. Sili vizuri. Maziwa yamepungua, mtoto ananyonya anaachia analia, ananyonya tena, na mimi nalia naye.

Nishauri, niumwagilie ukoka sasa mpaka uote kabla ya tarehe ishirini na tisa, au nikubali maneno ya Mama Elia, au nimwambie mume wangu, na kama ni kumwambia naanzaje. Jambo moja tu usinishauri. Usiniambie nimfungie Celeste bomba. Hilo sitalifanya, nimekwisha kumbeba mtoto wake.

Ni mimi mama mwenye hofu, Shangani. Tafadhali usitaje namba ya nyumba.

*

SHANGAZI MWANAHAWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Namba ya nyumba nimeikata, na majina yote nimeyabadili. Barua yako nimeitanguliza mbele ya mabinti wawili waliokimbiwa na wachumba, wao wanaweza kungoja, wachumba hawarudi juma hili.

Nianze na Mama Elia. Ni jirani mwema na mshauri mbaya. Ukisema bomba linavuja chini ya ardhi, watakuja na masululu kulitafuta, wachimbe uani kwako kutwa nzima, wasione kitu, na hapo utakuwa na uongo wa pili wenye shimo. Achana na hilo. Achana pia na kuuotesha ukoka. Majani yaliyokufa kwa miezi mitatu hayafufuki kwa majuma mawili, na hata yangefufuka, ungekuwa umechukua maji ya mtoto anayeharisha ukayamwaga chini ili karatasi yako isione aibu. Wewe mwenyewe ulishindwa kufanya hivyo mwezi wa saba ulipokuwa huna hofu. Usianze leo.

Sasa futa machozi, tuzirudie hizo hesabu zako, kwa sababu zina kosa, na kosa lenyewe ndilo linalokunyima usingizi.

Umehesabu kupika, kunywa, vyombo, kuoga, nguo, nepi. Umehesabu kila tone linalopita katika sufuria, karai na ndoo. Choo umekiweka wapi? Umenisimulia mwenyewe jinsi ulivyouvuta mnyororo mara tatu kwa furaha, halafu katika hesabu yako hakipo kabisa. Sikucheki. Mimi nimelelewa na choo cha shimo kama wewe, na sisi tuliokulia huko tunajua maji ni kitu kinachobebwa. Yale yasiyotuuma shingoni hatuyaoni kuwa ni maji. Lakini mita inayaona.

Fanya hivi kesho. Funga koki ya tangi la choo, vuta mnyororo litoke lote, kisha lijaze tena kwa mkono kwa kopo unalojua ujazo wake, ukihesabu. Matangi ya nyumba za zamani za namna hiyo niliyowahi kuyapima mimi humeza kama nusu debe kwa mvuto mmoja, lako lipime mwenyewe. Halafu kuanzia alfajiri mpaka mnapolala, kila anayevuta achore mstari wa mkaa ukutani, na wewe pia kila unapomwaga poti ya mtoto. Mkifika mistari kumi na miwili, na kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu sidhani mtapungua, hizo ni debe sita. Debe sita, mwanangu, za chooni.

Zinabaki ngapi katika zile kumi na mbili zilizokutisha? Sita. Na wageni wako ni wanawake watatu, kila mmoja na debe lake, wanakuja mara mbili. Unaniambia hujui wanachukua kiasi gani. Isipokuwa kama kila mmoja ana vichwa viwili, wanachukua debe sita. Bibi yako alikufundisha vizuri na sitaki uache adabu yake. Basi hesabu madebe yakiingia matupu, kabla hujageuza uso. Hakuna anayenyimwa kitu kwa kuhesabiwa debe tupu.

Kwa hiyo tangu ujaze fomu umekuwa ukitetemeka kwamba umegawa maji kuliko mnayotumia ndani, kumbe choo chako peke yake kinakunywa sawa na familia tatu zilizovuka Ruvuma. Kaa nalo hilo kidogo.

Sasa nakugombeza. Kosa lako si kutoa maji. Tangazo lilikataza, na ulilisikia, nami sitakuambia hukuvunja agizo, umelivunja. Lakini kubwa zaidi ni kwamba palipokuwa na watu umeandika majani. Hizo fomu haziishii kwa Bwana Gaudensi na msumari wake. Kuna mtu atakaa azijumlishe, na kwa fomu yako atajua kwamba Shangani ukoka una kiu sana, na nyuma ya mikorosho hakuna mtu. Siku ya kupanga mahali pa kupeleka bomba jipya, Celeste hatakuwepo katika karatasi yoyote, na wewe uliyembeba mtoto wake ndiye uliyemfuta. Najua hukukusudia. Nakuambia ili usirudie.

La pili ni sahihi ya mumeo. Maji ungeweza kuyatoa kwa jina lako. Uongo umeutoa kwa jina lake.

Kwa hiyo mwambie leo hii ukisoma haya. Asiwe ndio anaingia amechoka na vumbi la korosho kooni. Mwache aoge, ale, watoto watulie, kisha kaa mbele yake, siyo kando, wala usisubiri aulize una nini. Unaniuliza unaanzaje. Anza hivi, "Mume wangu, ile fomu nilikusainisha uongo. Maji ya ukoka wanakunywa watu. Nataka tuirekebishe kabla hatujaulizwa." Kisha nyamaza. Usianze kujieleza kabla hajasema, wala usilie mbele yake ili akuhurumie, machozi yako ya leo ni ya kweli lakini atayaona kama pazia. Atakasirika. Muachie hasira zake siku mbili tatu, ni haki yake, ametumiwa kalamu yake. Mtu uliyenieleza sioni kama ni wa kukufukuza kwa debe sita za maji, ila anaweza kukunyamazia, na kunyamaziwa na mtu mpole kunauma kuliko makelele. Vumilia. Umemficha miezi minne, yeye akikununia siku nne hujaonewa.

Akishatulia, mfanye kazi hii pamoja, maana yeye anahesabu magunia na wewe unahesabu debe, baina yenu hamtakosa jibu. Pimeni siku tatu. Asubuhi someni mita, kesho yake asubuhi someni tena, na katikati muandike kila kitu, choo kikiwemo. Hapo hapo muanze kupunguza. Chupa kubwa iliyojaa mchanga na kufungwa vizuri, mkiitumbukiza ndani ya tangi la choo mahali isipogusa mkono wa koki, kila mvuto utapungua. Maji ya nepi, ambayo ulikuwa unachomea ukoka, yamwageni chooni badala ya kuvuta mnyororo. Mkifanya hayo kwa uangalifu mnaweza kuokoa debe tatu au nne kwa siku bila mtu yeyote kukosa maji ya kunywa, na mtakuwa mmekaribia kabisa zile kumi na nane wanazozitaka. Zikaribie kwa kweli, si kwa kalamu.

Kisha nendeni kwa balozi wenu wa nyumba kumi, nyote wawili, mumwombe aende mwenyewe akaonje kile kisima. Asiambiwe, aonje. Mwambieni aandike kwamba kimeingia chumvi, na vibandani kuna watoto wadogo wangapi. Asiandike jina la mama yeyote kama wenyewe hawajakubali, idadi inatosha. Na tarehe ishirini na tano isipite kabla mumeo hajaipeleka fomu mpya ofisini kwa mkono wake, pamoja na ile barua ya balozi, aseme ya kwanza ilijazwa vibaya na hii ndiyo sahihi. Ndani, debe kumi. Choo, kiasi mtakachokuta. Bustani, hakuna. Na chini, mahali ambapo hakuna fungu, mchore mstari wenu wenyewe muandike, maji tuliyowapa majirani ambao kisima chao kimeingia chumvi, debe sita, bila malipo, tunaomba ruhusa ya kuendelea mpaka mvua. Kuhusu ukoka, ombeni pia ruhusa ya kuung'oa mpande mihogo. Katika mwaka huu wa kuhimizwa kilimo, nitashangaa sana ofisi ikikataa muhogo kwa kutetea majani.

Sitakudanganya kwamba hofu yako haina msingi. Anayejisahihisha kabla hajakamatwa mara nyingi hupata karipio, lakini hupata karipio kweli, na mumeo anaweza kulipata mbele ya watu. Ruhusa mnaweza kunyimwa. Hata nyumba siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba mkienda wenyewe, mtaulizwa kwa nini mliwapa watu maji. Mkingoja msumari, mtaulizwa mliwauzia kwa kiasi gani. Swali la kwanza una jibu lake.

Na wewe, kula. Uji mwepesi kila mtoto anaponyonya, kisamvu, samaki ukimpata, na maji, kunywa maji, nimeona hesabu yako yote na sijui kama kuna kata moja uliyojiwekea wewe. Mtoto akiendelea kuachia titi kwa juma zima, nenda naye kliniki, na mtoto wa Celeste muende naye siku hiyo hiyo, maana kama bado anaharisha baada ya miezi minne, si jambo la kutibiwa kwa maji matamu peke yake.

Mwisho, hukutaka nikushauri umfungie bomba, na sikushauri hivyo. Lakini huenda wao wakalifunga, na wewe huna uwezo wa kuwazuia. Kwa hiyo Celeste umwambie mwenyewe, mapema, usimtume mtu. Mwambie kwamba kuanzia tarehe ishirini na tano maji yanaweza kukatika siku kadhaa, na kwamba yeye na wenzake wajaze kila chombo walicho nacho kabla ya hapo. Usione haya kumtia wasiwasi. Aliyeonywa hupata muda wa kuazima mtungi. Asiyeonywa atakuja asubuhi na mtoto wake mgongoni, atue debe, umfungulie koki, asikie hewa tu.